Polepole, Baba Amelala

Sogeeni karibu, watoto. Sogeeni kabisa, maana hadithi hii inasimuliwa kwa sauti ndogo.

Alikuwepo mtoto anaitwa Mwaija. Alikuwa na miaka sita, na meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka.

Mwaija aliishi mjini, katika Mtaa wa Komamanga. Nyumba yao ilikuwa na mlango wa buluu, na baraza ndogo ya saruji, na dirisha moja lililotazama barabara.

Barabara yenyewe ilikuwa nyembamba, ya vumbi. Kuku walikuwa wanajilaza katikati yake, wakiota jua, na hakuna aliyewafukuza.

Mama yake Mwaija alikuwa fundi cherehani. Kila asubuhi alikwenda sokoni kushona.

Baba yake Mwaija alikuwa mlinzi. Alilinda ghala la unga usiku kucha, mpaka kunakucha.

Watu wakilala, Baba yuko macho. Watu wakiamka, Baba anarudi nyumbani kulala.

Saa moja asubuhi alifika. Aliburura viatu vyake chini: khwaa, khwaa, khwaa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Umechoka, Baba?"

"Nimechoka, Mwaija. Nimechoka mpaka kwenye kucha."

Baba akanywa chai. Akavua viatu. Akajilaza kitandani, akafumba macho.

Khooo... fyuuu. Khooo... fyuuu.

Halafu nje, barabarani:

*Vuuum! Pii-pii! Vumbi juu!*
*Na Baba akafumbua macho.*

Yalikuwa magari. Zamani hayakuwepo. Sasa yalikuwepo, tena mengi.

Barabara kubwa ya lami ilikuwa inachimbwa. Kulikuwa na mashimo, na matingatinga, na foleni ndefu isiyosogea.

Kwa hiyo madereva walitafuta njia ya mkato. Wakaiona barabara nyembamba ya Mtaa wa Komamanga.

Magari madogo yakapita. Magari makubwa yakapita. Pikipiki zikapita, mbili mbili, tatu tatu. Yote yalikuwa na haraka.

Kuku wakahama.

Baba akageukia ukutani. Akavuta shuka mpaka kichwani. Khooo... fyu...

*Vuuum! Pii-pii! Vumbi juu!*
*Na Baba akafumbua macho.*

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Mwaija alikuwa nyumbani. Aliketi barazani, akaangalia magari. Mama alikuwa amemwambia, "Cheza hapo hapo barazani. Usivuke barabara peke yako, umesikia?" Na Mwaija alikuwa amesikia.

Gari jekundu likaja mbio. Mwaija akasimama. Akapunga mkono.

"Polepole, jamani," akasema. "Baba amelala."

Lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na gari lilikuwa na kelele. Lilishapita.

Gari la kijani likaja mbio. Mwaija akapunga mikono yote miwili.

"Polepole, jamani. Baba amelala!"

Dereva akadhani anasalimiwa. Akapiga honi kumjibu. Pii-pii!

Na ndani ya nyumba, Baba akafumbua macho.

Mwaija akaingia ndani. Akafunga dirisha.

Baba akatoka jasho. Likamtoka shingoni, likamtoka mgongoni.

"Nani kafunga dirisha?" akauliza. "Naiva humu kama kiazi."

Mwaija akafungua dirisha.

Akachukua kanga ya Mama, akaitundika dirishani. Kanga ikazuia vumbi kidogo. Kelele haikuzuia hata kidogo.

Ikawa hivyo siku ile. Ikawa hivyo kesho yake. Ikawa hivyo wiki nzima.

Na Baba akachoka.

Alichoka mpaka akatia chumvi kwenye chai. Akainywa yote, wala hakujua.

Alichoka mpaka akavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Akatembea hivyo mpaka mlangoni.

Jioni moja alikuwa anamsuka Mwaija nywele. Alisuka mistari miwili, akasinzia. Kitana kikabaki kinaning'inia.

"Baba?"

"Mm?"

"Bado upande huu."

"Mm," akasema Baba. Akasinzia tena.

Mwaija alilala na upande mmoja umesukwa, na upande mmoja timutimu.

Asubuhi alimsikia Baba anaongea na Mama jikoni, kwa sauti ya chini.

"Msimamizi kanikuta nimesinzia," Baba alisema. "Kaniambia nikisinzia tena, nisirudi kazini."

Mama akainama juu ya sufuria. Alikoroga uji. Alikoroga muda mrefu sana.

Mchana wa siku hiyo Baba alishindwa kulala kabisa. Akaamka. Akasema, "Afadhali nikanunue mkaa."

Duka la mkaa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Baba akatoka. Macho yake yalikuwa mekundu, nusu wazi, nusu yamefumba.

Hakutazama kulia. Hakutazama kushoto. Aliingia tu barabarani.

Mwaija alikuwa barazani. Akaiona pikipiki.

"BABA!"

*Kwiiiiiiich!*

Pikipiki ikasimama. Ilisimama karibu sana. Tairi lake lilikuwa karibu liguse kiatu cha Baba.

Hakuna aliyeumia. Dereva wa pikipiki akashika kifua chake.

Baba akarudi barazani polepole. Akaketi.

"Sikuiona, Mwaija," akasema. "Macho yangu yamechoka. Yanaangalia lakini hayaoni."

Mwaija akaishika mikono ya Baba. Akaibana kwa nguvu. Hakuiachia upesi.

Baba akarudi kitandani, na Mwaija hakucheza tena. Aliketi barazani, kidevu juu ya magoti, akaiangalia barabara.

Aliangalia. Akaangalia. Akapiga mwayo, haaauuu. Akaangalia tena.

Magari yakapita, *vuuum*. Pikipiki zikapita, *nyiiiing*.

Halafu akaja Kaka Luhende, muuza maji, na mkokoteni wake. Mkokoteni ulijaa madumu ya maji. Gurudumu moja lilikuwa linalia: kwichi-kwichi, kwichi-kwichi.

Kaka Luhende akauegesha mkokoteni kando ya barabara, mbele ya nyumba ya jirani yao wa ng'ambo, Bi Hidaya. Akaanza kushusha madumu.

Gari jekundu likaja mbio. Likauona mkokoteni. Likapunguza mwendo.

Tiri... tiri... tiri... Likapita polepole, kama mtu anayenyata.

Gari la kijani likaja mbio. Likauona mkokoteni. Tiri... tiri... tiri...

Mwaija akainua kidevu.

Akageuzia sikio ndani ya nyumba. Khooo... fyuuu. Khooo... fyuuu.

Baba amelala!

Kaka Luhende akamaliza kushusha. Akausukuma mkokoteni, kwichi-kwichi, akaondoka zake.

*Vuuum! Pii-pii! Vumbi juu!*
*Na Baba akafumbua macho.*

Lakini Mwaija alikuwa ameshaona.

Kesho yake Kaka Luhende alipokuja, Mwaija alimngoja barazani.

"Shikamoo, Kaka Luhende."

"Marahaba, Mwaija. Mbona umenuna hivyo?"

"Sijanuna. Nimechoka. Kaka, naomba uache mkokoteni wako hapo."

"Hapo barabarani? Mpaka lini?"

"Mpaka Baba aamke."

Kaka Luhende akacheka. Halafu akaona Mwaija hacheki, akaacha.

"Sasa maji nitauza na nini, mdogo wangu?"

Mwaija akafikiri. Machozi yakamlengalenga.

"Mkokoteni ukiwepo, magari yanapita polepole," akasema. "Barabara ikiwa nyembamba, yanaogopa. Mkokoteni ukiondoka, yanakimbia. Na Baba halali. Jana nusura agongwe."

Kaka Luhende akauangalia mkokoteni wake. Akaiangalia barabara. Akajikuna shingo.

"Twende kwa Bi Hidaya," akasema. "Nipe mkono."

Wakatazama kulia. Wakatazama kushoto. Wakatazama kulia tena. Wakavuka pamoja.

Bi Hidaya alikuwa anauza miche. Aliipanda kwenye makopo, na kwenye ndoo zilizovunjika, na kwenye mapipa makubwa.

Alikuwa mama mtu mzima, mwenye kiuno kinachouma. Vumbi la magari lilikuwa limejaa juu ya majani ya miche yake. Kila siku aliyafuta kwa kitambaa, moja baada ya jingine.

"Bi Hidaya, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nafuta hapa, magari yanachafua pale. Nimechoka mimi, nimechoka hata kulalamika."

Mwaija akamweleza habari ya mkokoteni. Akaeleza yote, na Bi Hidaya akasikiliza yote, kitambaa mkononi.

Kisha Bi Hidaya akageuka, akayatazama mapipa yake. Kulikuwa na pipa la mchaichai. Pipa la mrehani. Pipa la asumini. Yalikuwa sita, na kila moja lilimzidi Mwaija kimo.

"Haya hayauzi maji," akasema Bi Hidaya. "Haya yanaweza kukaa barabarani kutwa."

"Lakini huwezi kuweka vitu barabarani hivi hivi," akasema Kaka Luhende. "Lazima mwenyekiti wa mtaa akubali."

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Mama Kisanga. Alikuwa na miwani, na mkoba mkubwa uliojaa karatasi. Jioni ile akaita mkutano.

Watu wakaketi kwenye mabenchi. Walikuwa wametoka kazini. Wengine walivua viatu chini ya benchi, wakijua hakuna anayeona.

"Jamani," akasema Mama Kisanga, "barua ya kuomba matuta ya barabarani nimeandika. Nimeandika mara tatu."

"Majibu je?" akauliza mtu.

"Bado."

"Lini?"

"Sijui, ndugu zangu. Na mimi nimechoka kungoja."

Watu wakaguna. Mmoja akasema magari ni mengi. Mwingine akasema vumbi ni jingi. Mwingine akasema wale wawili wamesema kweli.

Baba alikuwa ameketi nyuma, na Mwaija pajani. Alitaka kusikiliza. Alitaka sana.

Khooo... fyuuu.

Watu wakageuka.

Khooo... fyuuu.

Watu wakaanza kucheka. Mwaija akaona aibu, masikio yakamchoma.

Ndipo gari likapita nje. *Vuuum! Pii-pii!* Vumbi likaingia mpaka kwenye mabenchi.

Na Baba akafumbua macho. Akaruka, akasimama wima, akapiga saluti.

"Niko macho, bosi! Sijalala! Niko macho!"

Hakuna aliyecheka tena.

Baba akawaona watu wote wanamwangalia. Akashusha mkono. "Samahani," akasema. "Nilidhani niko kazini."

Mama Kisanga akavua miwani yake. Akaifuta kwa upande wa kanga, ingawa haikuwa chafu.

"Mwaija," akasema, "Bi Hidaya ameniambia una jambo. Njoo mbele."

Mwaija akaenda mbele. Watu walikuwa wengi.

"Barabara ikiwa nyembamba, magari yanapita polepole," akasema. "Bi Hidaya ana mapipa."

Basi. Alikuwa amemaliza. Akarudi kwa Baba mbio.

Asubuhi ya Jumamosi watu wa Mtaa wa Komamanga wakatoka.

Mama Kisanga akapima barabara kwa hatua. Moja, mbili, tatu, nne.

"Gari la wagonjwa lazima lipite," akasema. "Na gari la taka lazima lipite. Yapite polepole, lakini yapite."

Watu wakayapaka mapipa chokaa nyeupe, yaonekane hata jua likishazama. Kisha wakasukuma.

"Haya, wote! Moja, mbili, tatu, hiyaaa!"

Pipa la mchaichai likakaa upande huu. Wakapumzika.

"Moja, mbili, tatu, hiyaaa!"

Pipa la mrehani likakaa upande ule, mbele kidogo. Wakapumzika tena. Bi Hidaya akashika kiuno.

Pipa moja huku, pipa moja kule. Barabara haikuwa tena mstari ulionyooka. Ilikata kona huku, ikakata kona kule.

Jumatatu, saa moja asubuhi, Baba akarudi. Khwaa, khwaa, khwaa. Akanywa chai, akavua viatu, akafumba macho.

Mwaija akakaa barazani, akangoja.

Gari jekundu likaja mbio. Likaona pipa. Likapunguza mwendo. Likaenda huku, likaenda kule.

Tiri... tiri... tiri...

Mwaija akatabasamu.

Halafu dereva akakasirika. Akatoa kichwa nje.

"Nani kaweka mapipa hapa?"

*Piiiiiiiiiiiii!*

Gari la nyuma nalo likapiga honi. *Piiiiiiiiiiiii!* Na la nyuma yake. *Poooooooop!*

Magari hayakukimbia tena. Lakini yalipiga kelele kuliko mwanzo!

Na Baba akafumbua macho. Alikuja mlangoni, shuka mabegani.

"Mwanangu," akasema taratibu, "sasa ni nini tena?"

Mwaija aliketi chini, akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia kwa uchovu, pua ikitiririka.

Gari la mkate lilikuwa limesimama mbele ya baraza, linangoja zamu yake kupita. Dereva alikuwa baba mnene, mwenye kofia ya kufuma. Aliinua mkono apige honi.

Mwaija akamwona. Akaweka kidole mdomoni. *Shhh.*

Mkono wa dereva ukabaki hewani.

"Unalia nini, binti?"

"Baba halali."

"Mchana huu? Baba yako analala mchana?"

"Usiku analinda unga."

Dereva akatazama mlangoni. Akamwona Baba, na shuka lake, na macho yake mekundu. Baba akamtazama yeye, na kofia yake, na macho yake mekundu vilevile.

"Pole, ndugu yangu," akasema dereva. "Mimi niko barabarani tangu saa tisa ya alfajiri. Huo mkate mnaokula na chai, mimi ndiye ninayeusambaza."

"Pole na wewe," akasema Baba.

Dereva akapiga mwayo. Haaauuu.

Baba naye akapiga mwayo. Haaauuu.

Mwaija akapiga mwayo huku analia. Haaa-hii-uuu.

Dereva akacheka kidogo. "Sikiliza, binti. Mimi mkate nausambaza, lakini unga wake sikujua nani anaulinda. Sisi madereva tukiona pipa, tunajua ni pipa tu. Tutajuaje kama kuna mtu amelala? Mbona hamjaandika?"

Mwaija akafuta pua.

Dereva akashuka. Akachana kipande cha boksi la mkate. "Shika. Unajua kuandika?"

"Najua."

Dereva akaingia garini. Gari lake likapita, tiri... tiri... bila honi hata moja.

Mwaija akachukua mkaa jikoni. Akalala kifudifudi barazani, akaandika. Ulimi ulikuwa umetokeza pale penye pengo.

Aliandika polepole. Herufi moja ilitazama kushoto badala ya kulia. Lakini ilisomeka.

POLEPOLE JAMANI
BABA AMELALA

Bi Hidaya akavuka, akalichukua boksi. Akalifunga kwa kamba kwenye pipa la mchaichai.

Gari la kijani likaja. Likaona pipa, likapunguza mwendo. Dereva akainua mkono apige honi.

Akaona maandishi. Midomo yake ikacheza.

"Ba-ba... a-me-la-la."

Mkono ukashuka. Tiri... tiri... tiri... Likapita.

Gari jekundu likaja. Yule dereva aliyekasirika. Alisoma. Hakutabasamu. Lakini honi hakupiga.

Watoto wa jirani wakaja kusoma. Mmoja akasema, "Na sisi tuna mtoto mchanga. Naye huwa analala." Akakimbilia nyumbani kutafuta boksi.

Mpaka jua la mchana lilipowaka, kila pipa lilikuwa na maneno yake.

MTOTO AMELALA.

BIBI AMELALA.

TUNASOMA.

Na pipa la mwisho, la asumini, lilikuwa na mwandiko wa Bi Hidaya mwenyewe:

BI HIDAYA AMECHOKA.

Dereva mmoja alipolisoma hilo, akasimamisha gari. Akashuka, akanunua mche wa mpera.

Si wote waliopita polepole. Pikipiki moja ilipita mbio, kijana akipiga mluzi, akazunguka mapipa kama anacheza. Bi Hidaya akamfokea. Siku ya pili akapita tena mbio. Siku ya tatu akapita polepole kidogo.

Lakini wengi walipunguza mwendo. Wengi sana. Vumbi likashuka chini, likakaa huko huko chini.

Siku hiyo ya kwanza Mwaija aliingia ndani akinyata. Akasimama kando ya kitanda.

Khooo... fyuuu. Khooo... fyuuu.

Akaketi sakafuni. Akangoja macho ya Baba yafumbuke. Alikuwa amezoea.

Hayakufumbuka.

Adhuhuri ikafika. Khooo... fyuuu.

Alasiri ikafika. Khooo... fyuuu. Shavu moja la Baba lilikuwa na alama za shuka.

Nzi akatua puani kwa Baba. Mwaija akampungia mkono, nzi akaenda zake.

Saa kumi na moja jioni, Baba akafumbua macho. Akaketi. Akaangalia dirisha, akaangalia ukuta.

"Nani ameniamsha?"

"Hakuna," akasema Mwaija.

"Hakuna?"

"Hakuna, Baba. Umeamka mwenyewe."

Baba akajinyoosha. Mifupa yake ikalia, kha-kha-kha, mmoja baada ya mwingine. Macho yake yalikuwa meupe. Mwaija alikuwa amesahau kwamba macho ya Baba ni meupe.

Mama akarudi kutoka sokoni. Akapika ugali na mchicha na samaki wa kukaanga. Wakaketi wote watatu mkekani.

Baba akasimulia habari za paka wa ghalani, anayelala ndani ya beseni la unga, akitoka ni mweupe pe. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi.

Mwaija akachukua tonge. Akalibonyeza. Akalichovya kwenye mchicha.

Tonge likaanza safari ya kwenda mdomoni. Likaenda polepole. Likaenda polepole zaidi. Likasimama njiani.

Kichwa cha Mwaija kikaangukia mkono wa Baba.

"Mtazame," akasema Mama. "Amesinzia na tonge mkononi."

"Mwache," akasema Baba. "Ana uchovu wa wiki mbili huyu."

Baba akalitoa tonge kwenye vidole vyake, taratibu. Akamnawisha mkono kwa maji ya vuguvugu. Akambeba mpaka kitandani.

Akamvua ndala, moja, halafu nyingine. Akashusha chandarua, akakichomeka pande zote.

Mwaija akafumbua jicho moja.

"Baba... kuna gari linakuja?"

"Limepita sasa hivi," akasema Baba. "Hukulisikia?"

Khoo... fyuu, Mwaija akapumua kidogo kidogo. Alikuwa amelala.